Nyumba ya Jumatatu

Mama yake Fundi alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avivue. Aliviweka pembeni vizuri, akaingia peku kwenye vigae, taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mzazi aliyejifungua sasa hivi. Mandhari alikuwa amesimama katikati ya sebule, funguo mkononi. Alipoiona ile miguu mitupu ya mama wa watu juu ya sakafu aliyoisugua mwenyewe asubuhi, aliyageuza macho, akajifanya anahesabu funguo.

Mandhari halikuwa jina lake. Alibatizwa na wenzake ofisini, kwa sababu walisema huyu binti akimsimamisha mteja dirishani, hata kama mbele pana ukuta, mteja ataiona bahari. Kazi yake ilikuwa kuuza nyumba za mapumziko, zile ambazo watu hununua si kwa kukaa bali kwa kuwakodisha wageni wanaokuja kucheza gofu asubuhi na kuogelea jioni. Upande mmoja wa nyumba ni majani yaliyonyolewa vizuri, upande wa pili ni mchanga na maji. Mteja akishatazama huku na huku huanza kuongea polepole, na Mandhari alijua kwamba mtu akianza kuongea polepole ameshanunua.

Lakini aliyekuwa mbele yake siku hiyo hakuwa mteja wa kawaida. Alikuwa mama mkwe mtarajiwa, tena mgumu kama kokwa.

"Karibu mama," alisema. "Hapa ni kwako."

"Kwangu nimetoka sasa hivi," mama akajibu bila kugeuka. "Hapa nimekuja kutazama."

Fundi, aliyekuwa nyuma ya mama yake, alimkonyeza Mandhari na kutabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja. Siku nyingine tabasamu hilo lingemyeyusha. Siku hiyo lilimchoma.

Walikutana kwa balaa, hawa wawili. Lifti ya hoteli ya jirani iligoma kati ya ghorofa na ghorofa, ndani yake wakiwemo Mandhari na mume na mke waliokuwa wameshaanza kulaumiana. Ndipo sauti ya mwanaume ilipopenya mlangoni: "Jamani msiogope, haijaanguka, imechoka tu. Hata nyinyi mngebebeshwa watu kutwa mngesimama." Mandhari alicheka kabla hajamwona mwenye sauti. Alipomwona, mikono imejaa grisi na macho yamejaa utani, kicheko kilimwisha. Fundi huyo wa lifti alikuwa wa mjini, wa kwenye mahospitali na maofisi, na huku pwani alifika siku hiyo moja tu. Basi mapenzi yao yalikulia mjini, mbali na gofu na bahari, na Mandhari alishukuru kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye yeye hamwuzii chochote.

Kikwazo kilikuwa mama. Alikuwa mkunga maisha yake yote, na alistaafu akiwa na jina: nusu ya mtaa wao ilizaliwa mikononi mwake, wengine sebuleni kwake. Alipoambiwa mchumba wa mwanawe anafanya kazi gani, alisonya.

"Dalali? Mwanamke anayelipwa kusifu? Huyo akikwambia anakupenda, utajuaje kama hakuuzii kitu?"

Fundi alibembeleza weee, mama hakulegea. Mwisho Fundi akapata wazo lililoonekana la busara. Mama alikuwa anataka kuiuza nyumba yake kubwa, maana watoto wameondoka na vyumba vimebaki vinapiga mwangwi. Alipanga kuhamia kwa dada yake na kuwekeza kwenye kitu cha kumlea uzeeni. "Basi mwache Mandhari akuuzie nyumba ya kukodisha," Fundi alisema. "Utamwona kazini. Mtu humjui mpaka umwone kazini." Mama akakubali. Fundi akatazama picha za nyumba zilizobaki, akaweka kidole juu ya ile ya kona, ghorofa ya kwanza, iliyokuwa pekee ndani ya uwezo wa mama yake. "Hii je?"

Hapo ndipo Mandhari alipotakiwa kusema hapana. Alisema, "Nzuri."

Maana nyumba ile ya kona walinzi walikuwa na jina lao la kuiita. Waliiita Golikipa. Ilijengwa pale njia ya gofu inapokata kona, na wachezaji wanaojifunza, ambao siku hizi ndio wengi, wakipiga mpira kwa nguvu hupinda kulia, na kulia ndiko Golikipa alikosimama. Mipira ilitua barazani, ikagonga ukuta, ikapasua vioo. Wapangaji walikunywa chai ndani pazia likiwa limefungwa, kesho yake wakahama, wakaenda kuwasimulia wenzao. Mwenye nyumba wa kwanza aliirudisha kwa kampuni akilaani. Wa pili vilevile. Siku moja tu ya wiki nyumba ile ilikuwa tulivu kama msikiti, nayo ni Jumatatu, uwanja unapofungwa majani yakatwe. Kwa hiyo ofisini kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: nyumba ya kona huonyeshwa Jumatatu.

Na leo ilikuwa Jumatatu.

Mama alikagua kila kitu. Alifungua bomba, akalifunga, akangoja aone kama linavuja. Alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole. Alitoa utepe wa kupimia kwenye mkoba, ule ule aliokuwa akipimia matumbo ya wajawazito, akaanza kupima madirisha.

"Mama, huo utepe si umestaafu?" Fundi alimtania.

"Nimestaafu mimi. Utepe bado una nguvu."

Kisha akatoka barazani. Majani yalikuwa kijani kibichi, hakuna mtu, na kwa mbali bahari ilikuwa inametameta. Akashika ukingo wa baraza kwa mikono miwili. Mandhari alimwona mabega yakishuka. Aliyajua mabega ya namna ile. Mama alikuwa anaanza kupenda.

"Kweli pametulia," mama alisema. Polepole.

Halafu akageuka, akakitazama kioo cha mlango wa baraza, akakisogelea, akapitisha kidole pembeni yake na kukinusa.

"Gundi mbichi. Fremu ya zamani, kioo kipya. Kwa nini?"

Fundi alimtazama Mandhari kwa macho ya mtu anayejivunia mke. Meneja wa ofisi yao hakuwepo. Mlango ulikuwa wazi, njia ilikuwa nyeupe, swali lilikuwa limeulizwa kwa ufasaha wote. Mandhari angesema maneno machache tu na dhambi yote ingeishia pale.

"Tunafanya ukarabati, mama, kabla ya kumkabidhi mnunuzi," ulimi wake ukasema.

Mama alimtazama kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, uso wake ukalainika.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nimekuelewa."

*

"Umemshika mama!" Fundi alimnong'oneza walipofika chini, mama akiwa ameshaingia kwenye gari. Alimvuta nyuma ya ngazi, akamshika viganja. "Amekuita mwanangu. Unajua mke wa kaka alingoja mpaka amezaa ndipo akaitwa hivyo?"

"Fundi..."

"Nini tena? Machozi?"

"Vumbi."

"Vumbi gani kwenye nyumba uliyoisugua mpaka mama kavua viatu?" Alicheka, akamfuta shavu kwa kidole gumba. Alinukia sabuni na chuma, harufu ambayo Mandhari huibeba kwenye nguo zake siku nzima wakishaachana. "Njoo nikwambie. Mama aliniuliza usiku ule nilipomtajia kazi yako, utajuaje kama hakuuzii kitu. Nilimjibu: nitajua kwa sababu nikimtazama machoni hapepesi. Nitazame."

Mandhari alimtazama. Alijikaza kisabuni asipepese. Na kwa kuwa asingeweza kuendelea kumtazama hivyo bila kusema, alifumba macho na kumbusu. Fundi alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini yalikuwa na kitu kingine ndani yake, kama dawa chungu iliyofichwa kwenye asali, na mchanganyiko huo ndio uliomtesa Mandhari siku zote zilizofuata. Kazini alikosea majina ya wateja. Nyumbani aliosha sahani iliyokwisha kuoshwa. Alijiambia: mama hatakaa pale, watakaa wageni. Alijiambia: mama asiponunua, atakayenunua atakuwa mama wa mtu mwingine. Alipofika hapo alijishtukia, maana alikumbuka kwamba kweli, wale wenye nyumba wawili wa kwanza nao walikuwa mama wa watu.

Siku ya Alhamisi simu yake ililia. Alikuwa mama mkunga.

"Mwanangu, nisaidie. Lile dirisha la barazani nilisahau kulipima. Nashona mapazia. Nimepata kitambaa kizuri, rangi ya maziwa, wageni wakiamka jua lisiwapige machoni. Nimekaa hapa na cherehani yangu tangu asubuhi, mgongo wote unalia, lakini raha tupu."

Mandhari alikaa chini pale pale aliposimama, juu ya ngazi ya ofisi.

"Mama, usikate kitambaa."

"Kwa nini?"

"Njoo Jumamosi asubuhi. Uione nyumba tena kwanza. Kabla hujasaini."

"Nimeiona. Kuna nini Jumamosi?"

"Njoo tu mama. Nakuomba."

Upande wa pili mkasi ulisikika ukiwekwa mezani.

"Nimeshakata, mwanangu," mama alisema.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Kofia nyeupe, vigari vya umeme, vicheko vya watu walio likizo. Mandhari aliwapokea mlangoni. Mama alivua viatu kama mara ya kwanza, akaweka mfuko wa mapazia juu ya meza, akatoka barazani na kuketi kwenye kiti cha mwanzi. Fundi aliegemea ukuta.

Mpango wa Mandhari ulikuwa mwepesi, na sasa ndipo alipouona ulivyo wa woga. Hakutaka kusema. Alitaka mpira useme. Ungetua mmoja tu barazani, mbali kidogo na mama, yeye angepiga yowe, mama angekasirika na nyumba, wala asingekasirika na mtu. Basi akasimama pembeni na kuomba mpira. Tangu gofu ianzishwe duniani sidhani kama kuna mtu aliyeomba mpira kwa imani kama Mandhari siku ile.

Mpira haukuja. Mchezaji wa kwanza alipiga, ukaenda moja kwa moja kama umefungwa kamba. Wa pili vilevile. Wa tatu akapiga hewa, wenzake wakacheka, mama naye akacheka.

"Kumbe Jumamosi kuna sinema!" alisema. "Ndiyo ulitaka nione hiki? Wageni watapenda. Watakaa hapa na chai yao waangalie watu wazima wakifukuza kijipira." Akamgeukia mwanawe. "Nilikosea, baba. Nilisema maneno mabaya juu ya huyu binti. Angeweza kuniacha nisaini zamani, lakini kaniita nije niridhike. Dalali gani anafanya hivyo?"

Kila neno lilikuwa msumari. Mandhari alishika fremu ya mlango.

Wakati huo huo meneja alitokea sebuleni na karatasi za kusaini mkononi. Aliwaona wateja barazani, akaona uwanja ulivyojaa, rangi ikambadilika.

"Mandhari," alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba ameacha jiko linawaka. "Leo ni Jumamosi."

"Najua."

"Wateja tunawahudumia ofisini leo. Wapeleke ofisini."

"Mama," Mandhari alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake, "usiinunue nyumba hii."

Fundi akacheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha.

"Jumatatu uliniuliza kuhusu kioo. Nilikwambia ukarabati. Nilikudanganya. Kilivunjwa na mpira, na cha kabla yake, na cha kabla ya hicho. Wanaojifunza wakikosea, mipira yote inakuja hapa. Wapangaji hawakai. Waliowahi kuimiliki wameikimbia. Tunaionyesha Jumatatu kwa sababu Jumatatu hakuna anayecheza. Nilijua, mama. Tangu siku Fundi alipoweka kidole kwenye picha, nilijua."

Meneja aliweka karatasi mezani, juu ya mfuko wa mapazia, akatoka nje kupiga simu. Mandhari alijua kazi yake imekwisha.

Mama hakupiga kelele. Aliinuka kitini, akaingia ndani, akakitazama kioo kile kile na kupitisha kidole pale pale pembeni.

"Njooni huku," alisema. "Mnisemeshe nikiwa mbali na macho ya watu."

Wakaingia. Na ni hapo, wakati hauhitajiki tena na mtu yeyote, mpira ulipokuja. Ulipiga mgongo wa kile kiti cha mwanzi kilichokuwa bado na joto la mama, ukaruka, ukapasua kioo. Vipande vilimwagika sakafuni mpaka miguuni pake. Kutoka uwanjani mtu akapaza sauti, "Samahani jamani!" kwa uchangamfu wa mtu anayejua hatalipa kitu.

"Usisogee mama!" Fundi alisema. "Huna viatu!"

Mandhari alishakwenda mlangoni. Alirudi na vile viatu, akapiga magoti katikati ya vioo, akaushika mguu wa mama, akaupangusa kwa kiganja na kuuvisha. Kisha wa pili. Mama alimwachia. Mkono wake aliuweka begani kwa Mandhari ili asianguke, na Mandhari aliusikia uzito wake wote.

"Kazi yangu ilikuwa hii," mama alisema juu ya kichwa chake. "Wanawake wakija kwangu wanaona haya, nawaambia mficha uchi hazai. Nionyeshe panapouma nikusaidie. Wewe Jumatatu nilikuuliza panapouma. Nilikuuliza kabisa kwa mdomo wangu."

"Ndiyo mama."

"Ungesema siku ile ningekuwa bado na nyumba."

Fundi akageuka ghafla. "Nyumba ipo mama. Hujasaini hapa, basi huuzi kule."

"Nimeshapokea arubuni ya ile nyumba yangu. Jumanne, nikiwa na furaha yangu. Nimewapa kijana mmoja na mkewe, tumbo liko hapa." Akaonyesha. "Mke ameshachagua chumba cha mtoto, amenishika mkono akalia. Nimrudie nimwambie nini? Mimi si mtu wa kumtoa mwenye mimba ndani ya nyumba. Neno langu likishatoka limetoka." Akamtazama Mandhari kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. "Wengine maneno yetu hayana siku maalumu."

Mandhari alilia pale pale magotini. Hakuna aliyemnyamazisha.

*

Fundi alimfuata kwenye ngazi. Alisimama vidato kadhaa juu yake, mikono mifukoni, na Mandhari alitamani angalau aitoe hata kama ni kumnyooshea kidole.

"Nilikusimamia," Fundi alisema. "Mbele ya mama, mbele ya kaka, mbele ya mashangazi. Nilisema huyu hapepesi."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona afadhali mama apoteze nyumba?"

"Sikujua kama ameshapokea..."

"Usiniambie hujui. Kujua ndiyo kazi yako. Unajua jua linaingia dirisha gani saa ngapi, unajua bomba gani linapiga kelele. Mimi lifti ikiwa mbovu nabandika mlangoni: haifanyi kazi. Kila mtu anasoma, anapanda ngazi, ananitukana, lakini hakuna anayeanguka."

"Nimesema leo, Fundi. Kazi imekwenda, na wewe unakwenda, na bado nimesema."

"Umesema leo." Alikubali kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na ni kweli umesema, sikunyimi. Lakini najiuliza kitu kimoja na hakinitoki. Siku zote hizi tulizokuwa pamoja, ukinipikia, ukicheka, ukinishonea vifungo. Mimi nilikuwa naonyeshwa siku gani?"

Mandhari alifungua mdomo. Ulimi uliowahi kuwaonyesha watu bahari kwenye ukuta haukupata hata neno moja la kumpa mwanaume huyu. Akanyamaza, na pengine huo ndio ulikuwa ukweli wa kwanza kamili aliompa.

Fundi alimpita, bega likagusa bega. Walikuwa wamezoea, kila wakipishana, kushikana vidole kidogo. Mkono wa Mandhari ulinyooka wenyewe kwa mazoea. Wa Fundi ulibaki mfukoni.

Chini, meneja alikuwa anangoja funguo. Mandhari alimpa zote, hata ule wa droo yake. Alipotoka kwenye jua, gari la Fundi lilikuwa limeshawashwa na kioo cha upande wa mama kilikuwa chini.

"Wewe," mama aliita. Si mwanangu, wala si binti. "Njoo."

Alisogea. Mama alimpitishia dirishani ule mfuko wa mapazia. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Kwa dada yangu siwezi kukaa siku zote, ana wajukuu wake na mimi nina kelele zangu. Hela ya nyumba ipo, nahitaji mahali. Sitaki gofu, sitaki bahari, sitaki kuwekeza tena. Nataka pa kulala na dirisha linalotoshana na mapazia haya, maana nimeshayakata. Utanitafutia."

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine? Unajua kila mahali wanapoficha ubovu." Mama alisema bila tabasamu hata chembe. "Na usidhani nimekusamehe. Nimekupa kazi. Msamaha ukija utakuja wenyewe, na usipokuja utakuwa umenitafutia nyumba. Ukiipata, kwanza nionyeshe siku yake mbaya. Mvua ikinyesha, majirani wakigombana, maji yakikatika. Nikiweza kukaa siku hiyo, nitakaa."

Mandhari alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, misuli ya taya imekaza. Lakini mguu wake ulikuwa bado juu ya breki, na gari lilibaki limesimama mpaka mama amalize, na hata alipomaliza lilibaki bado limesimama.

"Nije lini, mama?" Mandhari aliuliza, na swali hilo alilielekeza upande wa usukani.

Mama alipandisha kioo nusu, akasita, akamjibu kupitia uwazi uliobaki.

"Siku yoyote. Jumatatu usije."